Jina Lako Kwenye Njia ya Kiboko

Temeke, Jumatano

Mtani wangu Mwinshehe,

Shikamoo sikupi. Hukuidai ulipokuwa hai, na sitaanza leo kumwamkia Mzaramo mvivu aliyelalia ubavu wake kivulini huko Mbagala wakati mie mpagazi wake nahangaika na jua. Ndivyo ulivyoniita tangu siku niliyofika kutoka Tabora na sanduku langu la mbao kichwani. Ulisema mbele ya ofisi nzima kwamba babu zangu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, na mie nimekuja kumalizia iliyobaki. Nikakujibu kwamba babu zako waliwaona wakipita ila walikuwa wanangoja dafu lidondoke lenyewe. Tukaelewana siku hiyo hiyo.

Basi mzigo nimeubeba. Nimekalia kiti chako, kile chenye mguu uliofungwa kamba ya katani. Wamenipa cheo chako bila kunipa kitu kingine. Landrova bado haiwaki mpaka isukumwe. Bunduki ni zile zile mbili, na risasi bado tunaziomba kama watu wanaoomba chumvi kwa jirani. Eneo nalo halijapungua, Kibamba mpaka Chanika mpaka Mbagala. Huku nyani wanang'oa mihogo, kule nguruwe wanalala kwenye mahindi. Serikali iliupa mpango wetu jina refu lisiloenea kwenye kibao. Watu wakakuita wewe Bwana Nyama, na kazi ikaeleweka, kuamua ugomvi wa watu na wanyama kabla damu haijamwagika. Nakuandikia kwa sababu damu imemwagika.

Lakini ngoja kwanza. Nataka nikukumbuke kidogo kabla sijafika huko.

Nakumbuka Chanika, ule msimu nguruwe walipomaliza shamba la yule mama mwenye mtoto mgongoni. Wanaume wa kijiji walikuwa wanapiga kelele, wanataka risasi. Wewe ukauliza mwenye shamba yuko wapi. Ukavua viatu, ukavishika mkononi, ukazunguka naye tuta kwa tuta, akikuonyesha kila shimo, na kila shimo ukalitazama. Baadaye ukakaa kwenye kinu chake ukala muhogo wake wa kuchoma, ndipo ukatuita tuzungumze. Njiani uliniambia kwamba mtu aliyeliwa shamba anataka kwanza aonekane. Nilikujibu kwamba ulikuwa unautaka ule muhogo. Ukacheka mpaka ukakohoa, kwa sababu na muhogo nao ulikuwa unautaka.

Na nakumbuka ule mto. Kabla watu hawajahamishiwa vijijini, wewe na mie tulishuka bondeni, ukanionyesha njia ya kiboko, mifereji miwili iliyokwenda sambamba, katikati mgongo wa majani, kutoka majini mpaka malishoni. Ulisema dume mwenye njia ile umemkuta toka ujana wako. Ulimwita Mwenyeji. Ukanifundisha jambo moja, na ukalirudia mpaka nikakasirika: "Mpagazi, usisimame kati yake na maji. Hakuchukii. Anataka kwao."

Mwaka uliofuata wakaleta watu kwa malori, na kijiji kizima kikasimamishwa kati yake na maji.

Unamjua aliyefanya hivyo. Yule mkubwa wa makao makuu uliyembatiza jina la Ndugu Ramani, kwa kuwa alipanga nyumba kwa rula akiwa mezani, mstari mmoja mnyoofu, akaja kuona bonde baada ya watu kukabidhiwa viwanja. Sikatai kijiji, na wewe hukukikataa. Watu walikuwa wanataka shule na bomba, na walistahili. Ulichoomba ni mstari usogezwe mpaka kwenye kile kimwinuko, basi. Uliambiwa unawachelewesha wananchi. Ulirudi tena, ukaambiwa unawapenda wanyama kuliko binadamu. Wewe, uliyekuwa unajua majina ya watoto wa kila nyumba ya Mbagala.

Ulianguka ukiwa kwenye benchi nje ya mlango wake, kofia mapajani, unangoja kuitwa. Hospitali walisema presha. Mie huwa nasema benchi.

Siku ya maziko yako alikuja, na karatasi ya kusoma mfukoni. Nikasema moyoni, huyu leo hasomi kitu mpaka nimemaliza kazi yangu. Nikavua viatu nikaingia kaburini kabla yako, nikajilaza hapo hapo ulipo sasa. Watu wakacheka huku wanalia, inavyotakiwa. Walinitupia shilingi, nikazirusha nje. Nikasema Mzaramo huyu haingii humu mpaka nilipwe, na wa kunilipa ni Ndugu Ramani peke yake, na malipo ni neno: nyumba zitoke kwenye njia ya Mwenyeji. Shehe akatazama pembeni akitabasamu, maana na yeye anajua mtani hafukuzwi. Ndugu Ramani akainama ukingoni, ameshika miwani isidondoke, akatoa sauti ile ya mkutanoni: "Kabla ya masika nyumba zote zitatoka njiani. Haya, toka, mtani."

Nikatoka. Nikakupisha wewe uingie.

Nilipokwenda kumkumbusha alinipa chai. Aliniuliza kama yale hayakuwa matani tu ya msibani. Aliuliza kwa upole, Mwinshehe, kijiko mkononi. Na hata kwao watani wapo. Anajua vizuri kwamba neno la kaburini ndilo neno. Ila aliliweka huko kwenye mambo ya vicheko, akafunga. Nilirudi mara ngapi sijui. Nililikalia benchi lako mpaka karani wake akawa ananiita jina lako.

Masika yakaja. Mto ukajaa, majani yakaota mpaka nyuma ya nyumba. Sie tukawasha moto, tukapiga madebe, tukawaambia watu wasitoke nje kabla hakujapambazuka vizuri. Unajua nani hakusikia. Bi Mwajuma, yule aliyekuwa anakuwekea kisamvu kwenye bakuli la bluu na kumkataza mtu mwingine kuligusa. Alitoka alfajiri na kopo la maji, anataka kutawadha. Mwenyeji alikuwa anarudi kwao. Bi Mwajuma alikuwa amesimama kati yake na maji, kwenye ua wake mwenyewe, mahali alipopewa na Serikali.

Nilifika nikakuta wamemfunika kanga. Mwanawe wa kiume alinishika shati akaniuliza, "Bwana Nyama, si mlisema tutahama?" Aliniita kwa jina lako.

Nina hasira, Mwinshehe. Na wewe pia nimekukasirikia, kwa kwenda kufa ukaniachia haya. Nimesema. Kama unataka kunijibu, unajua ofisi ilipo.

Sasa sikia kituko. Imekuja amri na muhuri wake. Jumamosi hii kijiji kinafunguliwa rasmi, na kitapewa jina lako. Ndiyo, lako. Kibao kimeshapakwa rangi, nimekiona, Mwinshehe kwa herufi kubwa za kijani. Wamechimba shimo la msingi wa ofisi ya kijiji, na kwa kuwa mstari ni ule ule, shimo limeangukia katikati ya njia ya kiboko. Hapo ndipo Ndugu Ramani ataweka jiwe. Na siku moja kabla, mie natakiwa nimpige risasi Mwenyeji, wananchi wapate utulivu na wageni wapate kitoweo. Nusu ya kijiji hawali nyama ya kiboko, hilo hakuna aliyeuliza. Kisha nisome hotuba fupi kuhusu maisha yako.

Nilimpelekea habari mkeo. Bi Zuhura alikuwa anachambua mchele barazani, hakuinua macho. Wamemwandalia kiti meza kuu. Alitupa kokoto uani, halafu akasema, "Mtani, nyie ndio mlioachiwa haki ya kumsemea. Mie nikisema nitaambiwa mjane kachanganyikiwa. Wewe watasemaje?"

Nimeondoka pale nikaenda Temeke yote kuwatafuta watani. Wanyamwezi wenzangu wa reli na wa bandarini, Wangoni wa soko, hata yule kinyozi uliyekuwa unamwambia ana kichwa cha nazi. Hakuna aliyekataa. Wengine walianza kukutukana kabla sijamaliza kueleza, nikajua wanakuja. Nimekwenda bondeni pia, nyumba kwa nyumba, nikaanza na ya Bi Mwajuma. Mwanawe alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kamba. Nyumba zile ni fito na makuti. Zilisimamishwa kwa wiki na zinaweza kubebwa kwa siku. Kimwinuko bado kipo pale pale ulipokionyesha.

Bunduki nimezifungia kabatini na ufunguo ninao. Watanifukuza kazi, najua. Kiti chako atapewa mwenye adabu. Mke wangu nimeshamwambia. Alilia, halafu akaniuliza nivae shati gani.

Kwa hiyo agana nami vizuri leo, maana kuanzia Jumamosi sijui nitakuandikia nikiwa wapi. Mpelekee Bi Mwajuma salamu. Mwambie tulichelewa, usimpambie maneno. Kama huko kuna kisamvu, usimalize peke yako, nakujua.

Na ahadi yangu ndiyo hii. Jumamosi, wageni wakishakaa, wapagazi watajitokeza na kamba zao, na mie nitavua viatu niingie kwenye lile shimo la msingi, nijilaze. Malipo ni yale yale, lakini safari hii sitaki neno. Nataka nisikie nguzo ya mwisho inapita juu ya kichwa changu kwenda kimwinukoni. Ndugu Ramani atainama ukingoni na miwani yake, ataniambia toka, mtani.

Sitoki.

Mpagazi wako,
Maganga