Mkwe kutoka Masese

Mpumudde, Jinja
4 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, na watoto wa darasa langu wazima, isipokuwa mafua. Goti lako je?

Baba, nimepata mchumba. Anaitwa Wahab, fundi wa kuchomelea vyuma huko Masese. Hutengeneza majiko ya kukaushia samaki. Ni Mwislamu, Mnubi. Mababu zake waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari. Yeye habadili dini, nami sibadili. Tutafunga ndoa ya serikali. Naomba uwapokee wazee wake hapo nyumbani.

Binti yako,
Daphine

Mbale
16 Februari 2025

Binti yangu,

Salamu zimefika. Goti husumbua asubuhi, mchana linanisahau. Nashukuru umeniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa watu.

Jibu langu ni hapana. Si chuki. Nimelinda gereza pamoja na Waislamu, tukala sahani moja. Lakini tazama dunia. Nchi zilizorithi Ukristo ndizo zenye viwanda, hospitali na sheria inayoheshimiwa. Kwetu, wamisionari walileta shule, na kwa shule hiyo mimi, mtoto wa mchunga mbuzi, nikavaa viatu. Mtu harithi sala peke yake. Hurithi na namna ya kufikiri na kufanya kazi. Sitaki wajukuu wangu warithi umaskini.

Baba yako,
Otim

Mpumudde
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini mvua imewafikia. Hapa imenyesha hadi darasani.

Nimeona upendo katika barua yako, kwa hiyo sijibu kwa hasira. Wasichana wa hapo kwenu Busiu, waliobatizwa, wanakwenda Uarabuni kufua nguo za Waislamu. Utasema ni mafuta. Sawa. Basi utajiri unaweza kutoka ardhini bila kuuliza mtu anasali wapi. Viwanda vingi vya Jinja vilijengwa na Wahindi, ambao wengi wao hawakusali kanisani. Walipofukuzwa nchini mwaka 1972, mashine zilinyamaza, na huku makanisa na misikiti ilijaa kama kawaida.

Juu ya shule nakubaliana nawe. Lakini kilichokuvisha viatu ni kusoma, na dada zake Wahab wamesoma.

Mwezi wa sita tutakwenda ofisi ya wilaya. Natamani niende na baraka yako. Ukininyima nitakwenda nikilia, lakini nitakwenda.

Binti yako,
Daphine

Mpumudde
11 Mei 2025

Baba,

Huko mko salama? Miezi miwili hujaniandikia, lakini Jumamosi ulikuwa Masese.

Wahab alinieleza, nami nikakutambua. Mzee mrefu alisimama mbele ya karakana, akatazama jiko lililokuwa likichomelewa, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kambini, "Wewe, kwa nini nchi zenu ni maskini?"

Wahab alivua miwani ya kazi. "Afande, nchi zipi?"

"Za Waislamu."

"Mimi nchi yangu ni hii hii yako, afande. Kama ni maskini, tumeifanya hivyo pamoja."

Anasema uliketi juu ya vyuma, ukamtazama akifanya kazi hadi wanawake wa samaki walipokuja kupanga mstari wa kuchukua majiko yao. Ukaondoka bila kuaga. Hukufika kwangu, na kwangu ni karibu kwa boda.

Baba, hilo limeniuma kuliko ile hapana yako.

Daphine

Mbale
20 Mei 2025

Binti yangu Daphine,

Pole kwa maumivu. Ningefika kwako ungeniuliza nimeamua nini, nami nilikuwa sijaamua.

Juu ya mataifa sijabadilika. Naamini imani huacha alama katika jinsi watu wanavyoaminiana na kufanya kazi, na siku moja nitakuonyesha. Lakini nilikwenda Masese kumpima mtu kwa mizani ya mataifa, nikamkuta kijana anachomelea vyuma kwenye jua, wanawake wa rozari na wa hijabu wakimsubiri kwenye mstari mmoja. Mizani yangu haikuwa na mahali pa kumweka. Swali langu lilikuwa la matusi, naye alinijibu kwa adabu.

Walete wazee wake Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita. Waambie wajiandae, maana ubishi huu sijaumaliza. Ng'ombe nimeshapata. Nimemwomba jirani yangu Swaibu, Mwislamu, aje amchinje, ili wageni wetu wale bila wasiwasi.

Baba yako,
Otim