Siku Kumi na Moja za Januari

Jumapili, 14 Januari 1996. Makongeni.

Jua la leo ni la kukaushia omena. Nguo nilizoanika baada ya kanisa zilikauka kabla sijamaliza kupika, na sasa vumbi la uwanjani limeanza kuzirudia. Nina uchungu, na sitajidanganya kwamba ni uchovu.

Nekesa anataka kutuhama. Ana miaka kumi na miwili, ndiye kifungua mimba wangu na ndiye wa mwisho pia, Mungu hakunipa mwingine. Ameomba akakae kwa shangazi yake Rasoa, kule Mumias, asome huko darasa la saba. Baba yake amekubali. Rasoa naye, aliyekuja mjini kutusalimia, amekubali, na anarudi kwake kesho asubuhi. Kinachongojwa ni barua yangu tu, maana mwalimu mkuu hamtoi mtoto shuleni bila barua ya mzazi. Baba Nekesa amekataa kuiandika. Amesema niandike mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekimbiwa. Alisema hivyo huku akipuliza chai yake, kisha akavaa koti la reli akaenda zamu.

Mimi humpiga mwanangu.

Nimeandika, basi. Simpigi kofi moja la mzazi aliyechoka. Nampiga mpaka mkono unauma, halafu namkanda kwa maji ya chumvi na kumpikia chapati. Baba yake hajawahi kumgusa hata kwa kidole, na hajawahi kunizuia.

Na kila Januari huwa naacha. Hapo ndipo ninapojichekea kicheko kibaya. Kila mwaka, tarehe moja, naamka nikiwa mama mwingine. Sauti yangu hushuka. Namwita mwanangu "mama" na "daktari wangu". Ninakunywa maji kabla ya kumjibu. Ukinitazama siku hizo utadhani nimezaliwa upya, na mimi mwenyewe huamini.

Sio mimi peke yangu. Mimi ni mwalimu, nimeona haya miaka kumi na minne. Siku ya kufungua shule kila mtoto ana daftari lililofunikwa kwa gazeti, na ukurasa wa kwanza mwandiko umenyooka, tarehe imepigiwa mstari kwa rula. Ikifika wiki ya tatu kurasa za katikati zimeng'olewa kutengenezea ndege za karatasi. Jirani yetu Wafula, fundi wa vitanda pale Gikomba, huacha sigara kila mwaka mpya. Mwaka huu alinisimamisha mferejini akaniambia, "Mwalimu, mimi na sigara tumeachana, talaka tatu." Tarehe nne nikamkuta nyuma ya choo akivuta. Akasema hiyo ilikuwa ya kuagana tu. Nilimcheka mpaka nikashika kiuno. Nilikuwa na siku nne safi, nikajiona bora kuliko yeye.

Kanisani kwetu tuna desturi yake. Jumapili ya mwisho wa mwaka mchungaji hugawa vipande vya karatasi, kila mtu anaandika kile anachokiacha katika mwaka unaokwisha. Hakuna anayesoma cha mwenzake. Karatasi zinakusanywa kwenye karai, zinachomwa nje ya ukumbi, na watu wanaimba na kupiga makofi. Mimi niliandika "hasira". Neno moja, la heshima, ambalo hata mchungaji angeliandika. Nilijua kabisa jina la kitu ninachokifanya, na Nekesa alikuwa ameketi kando yangu, kiwiko chake kinagusa changu. Niliikunja karatasi mara nne.

Shule zilipofunguliwa nikachukua kiboko changu, kile cha mpera, nikakifungia kwenye kabati la ofisi ya walimu mbele ya wote. Nikawaambia mwaka huu nitafundisha kwa mdomo. Walicheka. Mmoja akasema, "Samaki mkunje angali mbichi, dada, utajuta." Lakini niliwashinda. Mpaka leo sijamgusa mtoto hata mmoja darasani kwangu, na wameanza kuniita Mama Upole. Sasa naona kwa nini niliweza. Kule kulikuwa na watu wa kunitazama.

Ijumaa, tarehe kumi na mbili, nilirudi nyumbani saa kumi na moja nikiwa na madaftari ya kusahihisha kwapani. Maji yetu hufunguliwa Ijumaa alasiri peke yake, na Nekesa alikuwa na kazi moja tu, kujaza mitungi minne. Nilikuta miwili imejaa. Alimwachia nafasi yake kwenye foleni mama mmoja mwenye mtoto mchanga, na zamu yake ilipofika tena mfereji ukawa umekauka. Aliniambia hivyo bila kuogopa. Nadhani zile siku kumi na moja zilikuwa zimemfanya asahau kuogopa.

Mwiko ulikuwa karibu.

Hili nataka kuliandika vizuri, kwa sababu nimelizunguka tangu juzi. Pigo la kwanza lilikuwa la hasira. Likatua begani. Nikasimama, mwiko uko hewani, na wazo likanijia taratibu kabisa: basi, mwaka umeshachafuka. Nitaanza upya Februari. Likanipa raha, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Halafu nikaendelea kumpiga. Mapigo yale mengine hayakuwa na hasira yoyote. Nilimpiga kwa sababu Januari ilikuwa imekwisha haribika, na Februari ilikuwa bado haijafika, na katikati hapo hakuna mtu aliyekuwa akihesabu.

Ndivyo nilivyodhani.

Siku mbili hizi nimekuwa nikijiuliza tarehe mpya ina nini hata itupe nguvu namna ile. Kalenda ni karatasi ya bure kutoka duka la nyama. Jibu langu si zuri. Nadhani tunaipenda kwa sababu inatupa mtu wa kumsukumia lawama. Aliyempiga Nekesa mwezi wa Novemba ni yule mwanamke wa mwaka jana, mbaya kweli, tumemchoma kwenye karai. Mimi ni mwingine, nimeoga, nimefunga kitambaa kipya. Tena mtu akiamini amekuwa mwingine huwa na bidii sana, kwa siku chache.

Lakini Nekesa hakupewa Januari. Mgongo aliolala nao tarehe thelathini na moja Desemba ndio alioamka nao tarehe moja.

Leo baada ya chakula nilimkuta chumbani anakunja nguo zake. Anakunja vizuri, kola juu, mikono ndani. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nikaketi kitandani. Nilitaka kumwomba msamaha, nikajikuta najitetea.

"Nekesa, mwaka huu nilijaribu. Si uliona?"

"Niliona, Mama. Siku kumi na moja."

Nikamuuliza kama alikuwa akihesabu.

"Huwa nahesabu kila mwaka," akasema. "Mwaka jana zilikuwa kumi na tisa. Nikiwa darasa la nne zilifika Februari."

Hakusema kwa kunichoma. Alisema vile mtoto anavyokutajia alama zake za hesabu, na ile ya Februari aliitaja kwa fahari kidogo, kama anayenisifu. Heri angenitukana. Nilikuwa nadhani ile miaka ni siri yangu, kwamba nikianguka naanguka peke yangu na Mungu wangu. Kumbe kila Januari tulikuwa wawili tunaotembea kwenye kamba moja, na mmoja wetu alikuwa mtoto.

Nikamshika mkono. Nikasema kile ninachosema siku zote. Nikasema nitabadilika, naapa, kuanzia kesho.

Akautoa mkono wake taratibu.

"Kesho ni Jumatatu, Mama," akasema, akaendelea kukunja.

Ni kweli, nilikuwa nimeshaiona ile Jumatatu, safi, inaningoja. Nilikuwa nimeanza kuipenda.

Kwa siku mbili nilikuwa nimepanga kumchelewesha. Ningemwambia Rasoa atangulie, barua ingefuata mwisho wa mwezi, au baada ya Pasaka, na kufikia hapo mtoto angekuwa ameona mama mpya. Naijua hesabu hiyo. Nimeifanya miaka mingi, na kila mara aliyeilipia ni yeye.

Nikaenda mezani, nikasogeza madaftari ya watoto wa watu, nikachukua karatasi. Ilikuwa saa tisa na dakika kama kumi. Mtaani watoto walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, redio ya Wafula ilikuwa inakoroma. Si mwanzo wa kitu chochote ile saa. Nikaandika kwa mwalimu mkuu kwamba mimi, mama mzazi wa Nekesa, naomba aruhusiwe kuhama. Palipotakiwa sababu kalamu ilisimama. "Mambo ya familia," ndivyo tunavyoandika sote, nimezipokea barua za aina hiyo mara nyingi sana bila kuuliza. Nikaandika: kwa sababu nampiga. Nikatia sahihi.

Nikampelekea. Akaisoma mpaka mwisho, akairudia pale penye sababu. Kisha akaishika kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anavyopokea zawadi kwa wageni.

"Asante sana, Mama," akasema, na uso wake ukafunguka wote. Mwaka huu wote sijamwona akifurahi vile.