Vidonge vya Asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mafua yamekuacha na goti nalo limekuonea huruma. Dada ameniandikia kuwa umeanza tena kumgombeza jirani, nikashukuru, maana hapo nilijua umepona. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na vile viatu vipya vimekwisha soli kwa kupanda na kushuka ngazi za watu.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini, nami nikababaika. Ni hivi, Mama. Chuo kimetupa wanafunzi tisa wa uzamili ufadhili, kwa sharti kwamba mwaka mzima tuhudumie mtaa ambao watu wake wanaugua kuliko wenzao. Nimepangiwa zahanati iliyo nyuma ya kiwanda cha nguo. Watu wa huku hupatwa na kiharusi mara tatu zaidi ya wale wa ng'ambo ya barabara, na barabara yenyewe unaivuka kwa hatua ishirini. Wagonjwa wetu wengi wa presha ni washona mashati. Dawa wanapewa bure. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea, kuwapima na kuhesabu vidonge vilivyobaki.

Vilibaki vingi mno. Nikiwauliza kama wanameza kila siku, wanaitikia ndiyo huku wakitazama dari. Basi nikaandika ripoti ya kurasa sita, yenye michoro ya rangi, kwamba wanawake thelathini na wanne ni wakaidi, hawajali afya yao. Neno hilo nililichagua mwenyewe. Wiki mbili baadaye muuguzi mkuu akanionyesha barua ya ofisi ya mpango wa dawa za bure: kwa kuwa hawatumii dawa, wataondolewa kwenye orodha mwisho wa mwezi, nafasi zao wapewe wengine. Sikukusudia hivyo, lakini ripoti ilikuwa yangu.

Muuguzi hakunifokea. Aliniambia tu nikamwone Mama Spidi.

Huyu ndiye ninayetaka umjue. Ni mfupi, ana miaka hamsini na ushee, anashona kola, na jina hilo wenzake walimpa kwa ajili ya mikono yake, ingawa mdomo nao haubaki nyuma. Nilipomweleza yaliyonileta alicheka hadi akakaa chini, akasema msomi mzima nimehesabu vidonge nikasahau kuhesabu vyoo. Kisha akanifafanulia taratibu. Kidonge kile hutoa maji mwilini; ukikimeza saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa sita umekwenda haja mara tano. Kiwandani, mstari wa cherehani thelathini una kibao kimoja cha kwendea chooni, anacho msimamizi. Asiye na kibao hainuki. Anayekiomba mara ya tatu huhamishiwa kwenye pasi, kwenye joto, na huko ndiko watu huanguka. Kwa hiyo wengi humeza Jumapili tu. Hawakuniambia kwa sababu, alisema, nani anataka kumsimulia kijana wa watu habari za mkojo wake.

Lakini yeye alikuwa amekwisha kupata njia. Miezi minne alikuwa akimeza akitoka tu kazini, saa kumi jioni. Presha imetulia na usiku analala. Wenzake saba walimfuata, na vipimo vyao vyote, vya mashine ndogo waliyochangia kununua, ameviandika kwa penseli nyuma ya kalenda, tarehe kwa tarehe, bila kuruka hata siku moja. Nilimwuliza kwa nini wale wengine hawakufanya hivyo. Akanijibu kuwa pakiti imeandikwa asubuhi, nao wanaogopa kukiuka neno la daktari. Hao ndio niliowaita wakaidi, Mama. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulikwenda pamoja kwenye kamati ya mpango, yeye na kalenda yake kwapani. Daktari aliisoma mara mbili, akakubali wameze jioni, na wachache ambao haitawafaa wabadilishiwe dawa. Mimi nilisimama nikasema ripoti yangu ni ya makosa na wanawake hawana hatia. Mwenyekiti alisema hilo litaingia kwenye faili langu na huenda nisiongezewe ufadhili wa mwaka wa pili. Iwe hivyo. Wote thelathini na wanne wamebaki kwenye orodha, na Mama Spidi sasa ndiye anayetufundisha sisi wanafunzi tisa namna ya kubisha hodi.

Kuna jambo moja limebaki. Likizo iliyopita nilifungua kabati lako, nikamwaga dawa zako za presha mezani mbele ya wageni, nikazihesabu kwa sauti na kukuita mkaidi. Neno lilelile. Uliinuka ukaenda kuchemsha chai. Wewe unakaa peke yako kwenye kidirisha cha tiketi tangu alfajiri, foleni mbele yako, hakuna wa kukushikia zamu hata dakika tano. Nimelijua hilo tangu nikiwa mdogo, na sikufikiri. Nisamehe, Mama. Nimeona aibu kuliko mbele ya kamati.

Usibadilishe saa ya kumeza kabla daktari wako hajakubali. Nakuja Jumamosi, twende wote, na safari hii wewe ndiye utakayeongea. Ila niandikie kwanza, nami sitakukatiza: siku yako pale kidirishani inakwendaje?

Nisalimie Dada na watoto wake wote.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba