Kodi Niliyokatwa Hale

Mama Mwaija,

Nimeondoka ungali kisimani. Mbuzi nimewafungua, uji nimeufunika jikoni. Baiskeli ninayo mimi.

Safari ilikuwa ya ile kodi. Kule shamba la mkonge Hale walinikata kwenye mshahara kama mtu wa Korogwe, na huku Sindeni nilikuwa nimeshalipa ya Handeni. Karani wa boma la Korogwe alisema nitarudishiwa, mradi jumbe wetu aandike kwamba kwangu ni hapa.

Basi jumbe kapita asubuhi hii kuniandikia. Akamwuliza Mwaija, kwa utani tu, "Baba yako anakaa wapi?" Mtoto akamjibu, "Hale. Huku huja sikukuu ya Idi tu." Jumbe akanitazama, akakunja karatasi yake bila kuandika kitu, akaenda zake. Nikamfokea mtoto mpaka akalia.

~~Mwambie asirudie tena maneno yale.~~

Hapana, usimwambie hivyo. Hakusema uongo. Wewe mwenyewe ungeweza kuyasema miaka yote hii, ukaninyamazia.

Boma la Korogwe nitalipita tu. Leo naishia Hale, kuaga kazi na kuchukua sanduku langu na blanketi. Kodi nitaidai baadaye, jumbe akiwa na la kuandika.

Ule ukuta wa nyuma usiukandike. Niachie mimi.

Chumvi imekwisha, nitakuja nayo.

Jumbe akirudi kabla yangu, akauliza tena, mwacheni asubiri. Nikishafika, Mwaija atamjibu mwenyewe.

Baba Mwaija