Picha Iliyopigwa Pangoni

Sofia, Voi
Jumatano

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Mama na wote hapo Ronge. Natumaini goti limepoa kidogo, na kwamba ile dawa ya kuchua unajichua nayo kweli, hujaiweka dirishani kama pambo. Mimi ni mzima. Kazi ya duka la vifaa vya ujenzi inaendelea, na joto la Voi ni lile lile. Utashangaa mwanao kukuandikia barua siku hizi za simu, lakini ujumbe wa simu yako husomwa na Gertrude, na haya sitaki dada yangu awe wa kwanza kuyajua. Nimempa Immaculate, anayepandisha huko kesho, akukabidhi mkononi.

Nimesikia kwamba Jumamosi wazee mtamkalisha Fanuel kwa ajili ya ile picha iliyopigwa katika pango letu la mafuvu ya mababu. Nimesikia pia kwamba akionekana ana hatia ataacha kuongoza wageni kule hifadhini, na hataitwa tena kwenye kutasa. Siku ukoo unapokusanyika kutema pombe ya miwa na kuitoa hasira mioyoni, yeye atabaki nje na yake. Mtu wa miaka sitini na mbili. Ndiyo maana nakueleza safari ile ilivyokuwa, maana nilikuwamo.

Tulikuwa watu saba, kundi la kupanda milima lililokusanyika kwa simu. Kiongozi wetu alikuwa Maxwell wa Nairobi, mwenye viatu vizuri na mdomo usiopumzika. Fanuel alitupokea langoni saa moja asubuhi, akatuomba kila mtu arudi na taka zake na tusiandike chochote kwenye mawe. Maxwell alimjibu kwamba hatukuja shuleni.

Mawe yenyewe unayajua, Baba. Yametoka katika ile nyika kavu bila kuombwa na mtu, mengine yamebebana kama sufuria juu ya mafiga, jingine limetobolewa na upepo hata unaona anga upande wa pili. Nilitaka kuyafurahia. Lakini kila tulipopata kivuli, tulikuta wenzetu wametutangulia. Harufu ya mkojo ilikuwa imeshika jiwe. Kulikuwa na pampas ya mtoto imekunjwa na kuachwa, inzi juu yake, na mifupa ya kuku, na mate ya wanaotafuna majani ya muguka yamekauka ukutani yakiwa ya kijani. Nikala machungwa yangu juani badala ya kukaa pale.

Kisha wenzangu wakaongeza yao. Maxwell alitoa kopo la rangi ya kupuliza akaandika jina lake kwenye lile jiwe lenye tundu, herufi za urefu wa mkono. Wendy, msichana wa watu na elimu yake, aliosha miguu kwa maji ya kunywa ambayo Fanuel alikuwa ameyabeba begani tangu langoni. Trevor aliwarushia nyani soseji na karatasi yake. Fanuel alitufuata nyuma na gunia, akiokota. Nilimwonea haya, lakini sikuinama hata mara moja kumsaidia.

Saa saba Rachel alizidiwa na jua, akatapika na kuanza kuyumba. Fanuel alimbeba mgongoni kumrudisha langoni, mwendo wa nusu saa, akatusihi tukae kivulini hadi arejee. Hili ulishike, Baba, maana ndilo litakalomwokoa: mambo ya pangoni yalipotendeka, Fanuel hakuwepo. Alikuwa langoni anampepea mgonjwa.

Hatukukaa. Tulipanda upande wa kilima hadi pangoni. Wazee wetu walikuwa pale juu ya mwamba kama walivyopangwa, kimya, vumbi jembamba juu yao. Maxwell alichukua fuvu moja akalivalisha miwani yake ya jua, akalipachika biskuti kwenye meno, akalikumbatia kama mwenzake wa baa. Walicheka hadi wakashika mbavu. Picha ikapigwa. Tuliporudi chini Fanuel alitukuta tumekaa kivulini, akatushukuru kwa kumsubiri. Kesho yake picha ilikuwa mitandaoni. Naambiwa alipoulizwa na wazee alijibu tu kwamba wageni walikuwa mikononi mwake. Hakumtaja mtu.

Sasa, Baba, nimekuwa nikiandika kwamba tulipanda, kana kwamba miguu ilijipeleka yenyewe. Njia ile hakuna mgeni anayeijua. Wewe uliniongoza nikiwa kidato cha pili, ukanitaka niahidi kwamba nitamwonyesha mwanangu tu. Pale kivulini Maxwell alisema Taita ni mawe na mkonge, mahali pa kupitia na vioo vimefungwa ukienda Mombasa. Iliniuma. Nikasema sisi wazee wetu bado wako, na kama hawaamini wanifuate. Nilitangulia mbele mwenyewe, nikiwaonyesha pa kukanyaga. Nilitaka nionekane mtu.

Jumatatu ulinipigia simu ukasema umeonyeshwa ile picha, umeitazama mara tatu ukinitafuta, na unamshukuru Mungu kwamba simo. Nikaitikia, nikasema amina. Simo kwa sababu simu ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyepiga. Nilimwambia Maxwell asogee kidogo kushoto, uso wa babu upate mwanga. Na nilicheka pamoja nao.

Hizo taka zote nilizokusimulia, naona hakuna iliyonuka kama mimi. Na ile amina ndiyo inayonuka zaidi.

Jumamosi nitafika kabla ya saa tatu. Barua hii usiwasomee wazee, nitasema mwenyewe, Fanuel akiwa amekaa mbele yangu. Mkiamua kutasa, aanze yeye, maana yeye ndiye mwenye haki ya kukasirika. Mimi mkininyima kikombe sitauliza. Ila nakuomba, hadi nifike, asiambiwe neno baya hata moja.

Nisalimie Mama sana, mwambie asinichinjie kuku safari hii. Msalimie Gertrude na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia. Fanuel usimsalimie kwa niaba yangu. Yeye nitamsalimia mwenyewe, kama ataupokea mkono wangu.

Ni mimi mwanao,
Danson Mwadime