Yona kwa Sauti ya Mnada

Alhamisi, 25 Septemba
Mimi nina bahati, Bongo nzima inajua. Kura ya kumsoma Yona imeniangukia! Sisi Wayahudi wa Kariakoo tunatosha sebule moja, ila kwenye mfungo wa Siku ya Upatanisho hakuna mchezo. Alasiri, Torati ikishasomwa, linafuata somo la Manabii, haftara, ndiyo habari ya Yona. Linaimbwa, tena kwa Kiebrania. Na muimbaji ni nani? Daudi wa viatu, aliyeishia darasa la sita. Wasomi wakae pembeni.

Jumapili, 28 Septemba
Kwa Mzee Haruni. Miaka yote kasoma yeye, kwa mahadhi aliyoachiwa na baba yake. Sasa macho hayaoni. Mahadhi hayajaandikwa popote. Nikishindwa, yanazikwa naye.
Nikaimba. Akashika kichwa. "Daudi mwanangu, Yona anamezwa na samaki, wewe unanadi viatu!"
Kweli. Kila mwisho wa mstari sauti inapanda yenyewe: chagua-chagua! Nimecheka njia nzima. Nyumbani sikucheka.

Jumanne, 30 Septemba
Koo limekwaruza. Mzee kaamuru nisipige kelele sokoni mpaka nisome. Mnadi bubu, Kariakoo! Wateja wanapita tu.
Massawe wa mabegi, jirani yangu, Mchaga na Mlutheri: "Vipi, umerogwa?" Nikamnong'oneza habari ya Yona. Jamaa akapanda juu ya kigoda, akaninadia mpaka jioni. "Njooni kwa bubu! Hawezi kubishana bei!" Nimeuza balaa. Wachaga huwa nawasema sana. Leo nafuta yote.

Jumatano, 1 Oktoba
Jua linakaribia kuzama, mfungo unaingia. Naogopa. Basi.

Ijumaa, 3 Oktoba
Jana kuandika ni mwiko. Viatu vya ngozi pia mwiko, nikasimama na malapa, mimi muuza viatu. Tumbo tupu. Nilianza vizuri. Yona alipoingia tumboni mwa samaki, mahadhi yakanitoka, mnada ukanipanda kooni. Nikanyamaza.
Kisha nikamsikia Mzee nyuma yangu. Midomo kafumba, anavumisha mahadhi puani. Nikamfuata, taratibu, mpaka Ninawi ikasamehewa.
Baadaye akanipapasa uso. "Mwakani tena, mwanangu."
Nitakuwepo. Hata Massawe kaniuliza nitaimba lini tena.
Ile kura ni uongo. Mzee aliuliza nani atajifunza, wote tukatazama sakafu. Na mimi. Akapapasa, akashika mkono uliokuwa karibu.