Shemeji na kapasita yake

Uko wapi wewe? Nachemka hapa!

Si unajua taa za gari langu zinavyofifia kila besi ya muziki ikipiga? Shemeji, mume wa dada, akaniambia dawa yake ni kapasita kubwa, kile kifaa cha kuhifadhi umeme. Nikanunua. Leo kaja kuifunga.

Nikamwambia tuijaze umeme polepole kwanza kupitia balbu ndogo, maelekezo yanasema hivyo. Akacheka. Eti, "Hayo ni mambo ya waoga."

MAMBO YA WAOGA!

Akagusisha waya wa betri moja kwa moja. PAAA! Cheche zimetoboa zulia la buti!

Tunawasha muziki, taa bado zinafifia. Nikafuata waya wa ethi, ule unaoungwa kwenye bodi ya gari, aliofunga yeye mwenyewe aliponiwekea amplifaya. Kaufunga juu ya rangi, umeme haupiti vizuri! Hakukwangua hadi kwenye chuma!

Nikakwangua mwenyewe, nikakaza. Kapasita nikaichomoa. Taa hata hazipepesi.

Shemeji kaingia ndani: "Mama, gari nimelitengeneza."

Mama kanikazia macho. "Mshukuru shemeji yako."

Nikamshukuru. Mimi! Nanuka moshi, namshukuru!

Mama akaongeza, "Kesho atakuangalizia na breki."

BREKI!